Miezi saba isiyohesabiwa

Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Kutoka Korogwe kwenda Handeni ni kilomita 65, zote za lami. Wenye umri wa kukumbuka wanaijua njia hiyo ilivyokuwa masika kabla ya lami, gari limekwama kwenye tope na abiria wamekunja suruali wanasukuma. Siku hizi ukipanda basi Korogwe asubuhi, chai ya saa nne unainywa Chanika. Barabara imeufupisha mwendo. Leo nataka kuzungumzia mwendo mwingine ambao haujafupishwa na mtu yeyote, nao ni mwendo wa kijana kutoka darasa la sayansi la sekondari mpaka chuoni.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anamaliza mtihani wa taifa mwezi Novemba. Matokeo yanatoka Januari. Akichaguliwa kuendelea na kidato cha tano, kwa kawaida anaripoti Julai. Hesabu kwa vidole: Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Ni miezi saba. Kijana aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kujisomea fizikia anaambiwa akae nyumbani miezi saba, kisha arudi darasani kama vile alitoka jana.

Hapa mjini tumekwisha kuipatia dawa yetu. Mwenye uwezo anampeleka mwanawe kwenye tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano, analipa, na mtoto anakwenda Julai akiwa tayari anajua nusu ya muhula wa kwanza. Mwenzake wa Kwamsisi au Misima anakwenda shamba. Wa Mkata anauza vitu barabarani, mabasi ya Dar es Salaam yanaposimama. Kazi si aibu, na mahindi hayalimwi na malaika. Lakini Julai wawili hawa watakaa dawati moja, wakifundishwa PCB na mwalimu mmoja, na huyo wa Kwamsisi atadhaniwa kuwa hana akili.

Kwa msichana mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na tangu hapo anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Wazazi wanaijua sheria hiyo na wanaiogopa. Lakini Desemba ikifika utamsikia mzee anasema, tena bila kutania, kwamba binti yake si mwanafunzi tena, amemaliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Hukumu ni nzuri. Lakini miezi saba ya kukaa nyumbani, huku matokeo hayajulikani na posa imebisha hodi, ni mirefu kuliko hukumu.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tutazame ramani. Korogwe ina shule kongwe ya sekondari ya wasichana, ya bweni, yenye kidato cha tano na sita. Mji huo huo una Chuo cha Ualimu cha Serikali. Handeni ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya vile 54 vilivyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa kuiga vyuo vya watu wazima vya Sweden. Shule na vyuo hivyo vyote viko ndani ya mwendo wa basi moja. Lakini kwa hesabu za vyeti, kila kimoja ni kisiwa. Anachojifunza mwanafunzi katika kimoja hakihesabiwi katika kingine.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu ambao nitaueleza kidogo, kwa sababu neno lake limeanza kusikika kwenye semina zetu. Ni utaratibu wa sekondari kushirikiana na chuo ili mwanafunzi apate krediti kabla hajaingia chuoni. Krediti, kwa lugha ya kawaida, ni uzito wa somo ulioandikwa kwenye daftari la chuo. Chuo kinatoa muhtasari wake wa kemia ya mwaka wa kwanza. Mwalimu wa sekondari anapimwa na chuo na kuidhinishwa. Mwanafunzi anafundishwa akiwa bado shuleni, anafanya mtihani ule ule wa chuo, na akifaulu jina lake linaandikwa. Siku atakapoingia chuoni somo hilo halirudii. Chuo Kikuu cha Syracuse kilianza hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 Chuo cha LaGuardia cha New York kikafungua sekondari nzima ndani ya uwanja wake, kwa ajili hasa ya watoto waliokuwa wanaelekea kuacha shule. Naomba hilo lishikwe vizuri. Shule ile haikuanzishwa kwa ajili ya watoto wa wakubwa waliokuwa wanaongoza darasani. Ilianzishwa kwa ajili ya waliokuwa wanaponyoka. Mwaka 2001 katika jiji hilo hilo Chuo cha Bard kikafungua sekondari ambayo mhitimu wake anatoka na cheti cha shule pamoja na shahada ndogo ya miaka miwili.

Msidhani jambo hili ni geni kabisa kwetu. Kwa miaka mingi kijana aliyemaliza kidato cha nne katika sekondari ya ufundi, tuseme Tanga au Ifunda, aliweza kwenda Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, ambacho tangu 1997 kinaitwa Taasisi ya Teknolojia, akasoma miaka mitatu na kupata cheti cha fundi sanifu kamili. Kidato cha tano hakukijua. Wapo wahandisi wa nchi hii, leo wana mvi, waliopita njia hiyo, na madaraja yao hayajaanguka. Na tumewahi pia kwenda upande wa pili kabisa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende Chuo Kikuu. Wakati ule tuliona kwamba kijana akichelewa anapata busara. Mimi sibishani na wazee wa Musoma, walikuwa na sababu zao. Nasema tu kwamba kuchelewa kwa namna ile kulikuwa na kazi ndani yake. Kuchelewa kwa miezi saba ya leo hakuna kitu ndani yake.

Najua msomi mmoja tayari ameshika kalamu kuniandikia. Atasema kidato cha tano na sita ndicho hicho hicho chuo cha mwaka wa kwanza kilichowekwa shuleni. Ana haki. Ndiyo maana shahada yetu ya sayansi ni ya miaka mitatu na ya Wamarekani ni minne. Tena vyuo vingi vya Marekani vikiona mwanafunzi amefaulu kidato cha sita cha Kiingereza vinampa krediti bila ugomvi. Kwa hiyo, atasema msomi huyu, tunacho tayari, tunatafuta nini?

Jibu langu ni kwamba tunacho kwa anayefaulu tu. Kuingia shahada kunataka alama kuu mbili zenye jumla ya pointi nne. Tuseme msichana wa Korogwe amesoma PCB miaka miwili. Kemia anaijua, baiolojia anaijua. Wiki ya mtihani mwezi Mei malaria inamlaza. Anatoka na alama ambazo hazimfikishi popote. Je, kemia ya miaka miwili imekwenda wapi? Imo kichwani mwake, lakini kwenye karatasi haimo. Mfumo wetu unapima safari nzima kwa kuangalia hatua ya mwisho. Mfumo wa krediti unaandika kila kituo. Ukishindwa kituo cha nne, vitatu vya kwanza bado ni vyako.

Ataambiwa arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea. Haya. Fizikia, kemia na baiolojia zina mtihani wa vitendo. Huko kijijini Handeni, maabara ya kufanyia mazoezi ataipata wapi? Tunakumbuka kampeni ya maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, iliyoagizwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Wananchi walichanga, wengine kwa hiari na wengine kwa kufuatwa na mgambo, na muda ukasogezwa mpaka 2015. Majengo mengi yalisimama. Lakini jengo ni jengo. Maabara ni maji, gesi, kemikali na mtu anayejua chupa ipi haikai karibu na ipi.

Hapa ndipo nakuja kwenye Chuo cha Ualimu, na hapa nitakaa kidogo. Chuo cha ualimu kina kitu ambacho shule haina, nacho ni wakufunzi ambao kazi yao ni kufundisha namna ya kufundisha sayansi, na wanachuo ambao lazima wapate watu wa kujifunzia. Leo mwanachuo anapelekwa mazoezini kwa wiki chache, anasimama mbele ya darasa la watoto themanini, anatetemeka, anarudi. Sasa fikirini wasichana 40 wa Korogwe na Handeni waliomaliza kidato cha nne. Kuanzia Februari wanakuja chuoni kwa miezi minne kusoma kozi mbili tu, hesabu za msingi na kemia ya vitendo. Mkufunzi anasimamia, mwanachuo anasaidia kufundisha, msichana anajifunza. Mwisho mtihani. Aliyefaulu anaandikiwa krediti. Akienda kidato cha tano Julai, anakwenda na akiba. Akipenda ualimu baadaye, chuo kinamdai kozi mbili pungufu. Na kama kidato cha tano kikamshinda kwa sababu yoyote ile, hakutoka mikono mitupu.

Wazo ni zuri, na mawazo mazuri katika elimu yetu yana historia ya kutia hofu. Siwezi kulizungumza hili bila kuitaja Dodoma.

Mwaka 2014 Serikali ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalum ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari. Nia ilikuwa safi. Walimu wa masomo hayo walikuwa hawatoshi, na mpaka leo kilio hakijaisha. Vijana walichukuliwa kutoka kidato cha nne moja kwa moja, wakapewa mikopo, wakaingia Chuo Kikuu. Wazazi walisherehekea, mbuzi wakachinjwa. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,800 wa mpango huo waliambiwa waondoke chuoni mara moja. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, aliliambia Bunge kwamba wahadhiri wa programu hiyo walikuwa wamegoma kufundisha. Siku chache baadaye Rais John Magufuli, akizungumza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatumia neno "vilaza", akieleza kwamba wamo walioingizwa bila sifa. Neno likatoka Dar es Salaam likafika vijijini kabla ya vijana wenyewe hawajafika nyumbani. Julai mwaka huo walichujwa. Wachache wakaachwa wamalizie Dodoma, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu vya Serikali, vya aina ya hiki cha Korogwe, na wengine wakabaki nje ya mpango.

Tumelizungumza sana lile neno, na hatukulizungumza vya kutosha suala lenyewe. Je, kosa lilikuwa kumpeleka kijana wa kidato cha nne chuoni mapema? Mimi sioni hivyo. Fundi sanifu wa zamani alikwenda mapema, na hakuna aliyemwita kilaza. Kosa lilikuwa kwamba mambo ya msingi hayakufungwa kabla mabasi hayajaondoka: sifa ya chini ya kuingia ni ipi na nani anaisimamia, mhadhiri anayefundisha kozi ya ziada analipwa na fungu gani, na mpango ukivunjika, miezi ambayo kijana amekwisha kusoma itahesabiwa wapi. Hili la mwisho ndilo linalonikera. Kama kila kozi ingekuwa na krediti iliyoandikwa na kukubaliwa na vyuo vingine, kijana aliyefukuzwa Mei angeondoka na karatasi. Aliondoka na begi.

Hata huko Marekani, penye miaka 50 ya uzoefu, malalamiko makubwa ni hayo hayo. Mwanafunzi anakusanya krediti sekondari, anafika chuo kingine, anaambiwa hizi hatuzitambui, anza upya. Kwa hiyo wanaosema tuanze kwa majaribio, tutaona mbele ya safari, nawaomba waanze na karatasi. Sahihi ya chuo kinachopokea itangulie, ndipo mtoto aitwe darasani. Wenye sauti wanajulikana. Kidato cha sita kiko chini ya Baraza la Mitihani, vyuo vya kati viko chini ya NACTVET, vyuo vikuu viko chini ya TCU, na ualimu una Wizara yake. Ofisi hizo nne zote ziko katika nchi moja na zina simu.

Wala sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Handeni, kupitia vyuo vya maendeleo ya wananchi, kuna jambo ambalo mjini hatulizungumzi. Vyuo hivyo vimekuwa na mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, ulioanzishwa na Shirika la Karibu Tanzania pamoja na Mastercard Foundation, kwa ajili ya wasichana walioacha shule, wengi wao kwa sababu ya mimba. Msichana anasoma masomo ya sekondari kwa muda mfupi na wakati huo huo anajifunza ufundi. Mtoto wake anaangaliwa hapo hapo chuoni wakati mama yuko darasani. Ushonaji na hesabu, umeme na Kiingereza, vyote chini ya paa moja. Ulianza hata kabla Serikali haijatangaza, Novemba 2021, kwamba aliyejifungua anaweza kurudi katika shule ya kawaida. Kwa maneno mengine, chuo ambacho watu wa mjini wanakidharau kwa jina lake refu kimekwisha kufanya kile ambacho shule zetu za vipaji zinasubiri waraka.

Aidha, kuanzia Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani ya ufundi, na akihitimu anatarajiwa kutoka na cheti cha kidato cha nne na cha ufundi. Wa kwanza watafika kidato cha nne mwaka 2027. Huo nao ni ushirikiano wa shule na chuo kwa jina lingine. Swali langu ni moja. Kama anayejifunza kuunga vyuma anaweza kuhesabiwa mara mbili kwa jasho moja, kwa nini anayejifunza kemia ahesabiwe mara moja tu, tena mwishoni, kwa mtihani wa wiki chache za Mei?

Liko suala la fedha, na nitalipita haraka kwa sababu si gumu kama linavyofanywa. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2022. Mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele ilianza mwaka wa masomo 2023/24. Kwa hiyo mlango wa shule umefunguliwa, na wa chuo umefunguliwa nusu. Ni uani tu, kati ya nyumba hizo mbili, ndiko kulikobaki giza. Kinachotakiwa hapo ni chakula cha mchana, kemikali za maabara, posho ya mkufunzi na nauli ya basi kutoka Handeni. Sijui kama kuna halmashauri isiyotumia zaidi ya hapo kwa mafuta ya magari ya ziara.

Ugumu uko kwa watu. Mkuu wa shule ataogopa kwamba wasichana wake watakwenda chuoni na hawatarudi. Mkuu wa chuo ataogopa kuletewa watoto kwenye mabweni ya watu wazima, na hofu hiyo si ya kuchekwa, maana mzazi wa Handeni atauliza jambo hilo kabla ya kuuliza kemia. Lazima awepo matroni, liwepo bweni lenye mlango unaofungwa, na ratiba ya saa ngapi wanatoka na saa ngapi wanarudi. Mpango ukiandikwa na maprofesa peke yao, bweni litasahauliwa. Ukiandikwa na matroni peke yake, kemia itasahauliwa. Wakae pamoja, na mama mmoja mzazi kutoka Kabuku aitwe.

Ndugu msikilizaji, kama una mwana au mdogo wako anayefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba, mwulize Desemba atakuwa anafanya nini. Usimwulize kwa ukali. Muulize tu, kisha hesabu naye mpaka Julai. Na kama wewe ni afisa elimu wa Korogwe au Handeni na umenisikiliza mpaka hapa, nina swali kwako pia, nalo nitalileta ofisini kwako kwa barua: katika wasichana wa wilaya yako waliochaguliwa kidato cha tano cha sayansi mwaka jana, ni wangapi waliripoti Julai, na wale ambao hawakuripoti wako wapi? Majibu nikiyapata nitayasoma hapa hapa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.